Mshonaji Asiyekuwamo Kitabuni

Mwongozaji wa filamu alikuwa mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, naye ndiye aliyeniambia kwamba kitabu changu kina pengo.

Tulikuwa tumekaa katika mgahawa wa familia moja ya Kihindi pale Moshi mjini, chai ya tangawizi na kachori mezani. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamekuja kutoka Dar kuniomba ruhusa ya kukitengeneza kitabu changu kiwe filamu ya watoto, filamu ya kuimbwa. Kitabu chenyewe ni chembamba. Nilikiandika nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, kwa sababu wanafunzi wangu wa pale Pasua walikuwa wanasoma habari za theluji ya nchi za watu, na hii ya kwetu tunayoiona asubuhi tukifungua dirisha hawana habari nayo. Kinahusu mtunza mfereji wa maji katika kijiji kimoja cha mlimani. Siku moja maji yanakatika, naye anapanda msituni pamoja na watoto watatu wa majirani kwenda kutafuta yalikopotelea. Basi.

"Mwalimu, hadithi ni tamu," alisema yule binti. "Ila huyu mtunza mfereji hana mtu."

"Ana watoto watatu."

"Wa majirani. Umeandika mwenyewe. Mimi nasema hana mtu wake. Hampendi mtu, hapendwi na mtu. Nina nyimbo tisa hapa. Ataimba na nani?"

"Na watoto."

"Saba ataimba na watoto. Mbili nataka aimbe na mwanamke. Mwalimu, hawa watoto hawaji sinema peke yao. Wanakuja na mama zao, na mama zao nao wanataka kitu."

Nilitaka kukataa. Mtu akishaandika kitabu huwa na wivu nacho kama mtu na shamba lake. Lakini alizungumza kwa adabu, tena alikuwa amekisoma vizuri kuliko hata mchapishaji wangu. Nikamwambia nitajaribu. Nilirudi nyumbani nikamtafutie mwanamke mtu ambaye, katika maisha ya kweli, hakuwahi kuoa.

Kwa maana mtunza mfereji wa kitabuni ni baba yangu mdogo. Hilo sikuwa nimemficha mtu yeyote. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Nilipotimiza saba, mama aliolewa tena akahamia Babati. Mume wake mpya hakutaka kulea mtoto wa mwenzake, na ukoo wa baba nao haukutaka nitoke kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kwa hiyo nilibaki kijijini Kilema, kwa bibi yangu na mdogo wake baba, ambaye alikuwa bado kijana na alikuwa amekabidhiwa mfereji. Sisi tunauita mfongo. Unatoka msituni, unapita mgongoni mwa kilima, unagawanyika shamba kwa shamba katikati ya migomba na kahawa. Kazi yake ilikuwa kuuzibua, kuziba kingo zinapobomoka, na kuhakikisha kila nyumba inapata zamu yake. Alinifundisha kusikiliza maji. Alikuwa anaweza kulala chali kwenye nyasi, akaniambia kwamba huko juu kuna tawi limekwama, tukapanda, tukalikuta.

Huyo ndiye niliyemwandika. Kitabuni anaishi peke yake, kwa sababu ndivyo nilivyomjua.

Mwanamke wa filamu alikuja kwa urahisi ulionishangaza. Nilidhani ningehangaika wiki nzima, kumbe siku mbili zilitosha. Nilimfanya mshonaji. Nilimpa mwavuli mweusi mkubwa wa kiume. Nilimpa tabia ya kuimba kwa pua, kwa sababu midomo yake imebana pini. Akicheka huweka kiganja kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Anapanda kilimani kila Jumapili kumtembelea kaka yake, na njiani anavuka mfereji kwenye daraja la gogo moja, na mtunza mfereji kila Jumapili huwa ana kazi hapo hapo kwenye gogo. Nikaandika wimbo wa kwanza, wa mwavuli na maji. Nikautuma.

Mwongozaji alinipigia simu jioni ile ile. "Mwalimu, huyu mama ni moto. Umemtoa wapi?"

"Kichwani," nikamjibu, na nilikuwa naamini.

"Sasa wagombane, halafu wapatane. Wakigombana tutaogopa kidogo, wakipatana tutaimba."

Kugombana nikaandika. Mtunza mfereji anaahidi kwenda kwa wazazi wa mshonaji siku fulani, siku hiyo ukingo wa mfereji unabomoka, hatokei na hapeleki habari. Wazee wanakaa kwenye viti mpaka jua linashuka. Mshonaji anaona aibu mbele ya watu wa kwao, anakasirika, haji tena Jumapili. Ilitoka vizuri. Kupatana ndiko kulikokataa. Niliandika mara ya kwanza, nikaona ni uongo. Mara ya pili mtunza mfereji alisema maneno mazuri ambayo baba mdogo asingeweza kuyasema hata kwa kulipwa. Mara ya tatu nilifuta yote. Siku zikapita, mwongozaji akanipigia tena, safari hii akiwa na jibu lake mwenyewe.

"Mbona ni rahisi? Hii ni filamu ya watoto. Basi mtoto ndiye awapatanishe. Mzee ampe mtoto mmoja ujumbe, mtoto apeleke."

Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria ya maharage mbele yangu. Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikazima jiko nikakaa kwenye kigoda, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona yule mtoto. Alikuwa amevaa gauni la shule lenye upindo uliokunjwa mara mbili, na alikuwa ni mimi.

Nieleze kama ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka tisa. Mshonaji wa kweli alikuwa na cherehani yake Pasua, barazani mwa duka la watu, akishona sare za shule. Kaka yake alikuwa na nyumba ng'ambo ya bonde letu. Jumapili alipanda kumwona, na mwavuli wake. Alianza kupita kwetu. Bibi alimpenda. Alinifundisha kushona upindo, akinikalisha kwenye mkeka, kidole chake juu ya kidole changu, na niliposhona vibaya alifumua bila kusema neno, akanipa sindano tena. Baba mdogo akaanza kupiga mluzi kazini. Siwezi kusema nilimchukia yule mama. Hilo ndilo jambo gumu kulieleza. Nilimpenda.

Siku moja jirani yetu alinikuta nachota maji akanitania, "Sasa baba yako mdogo akioa utapata mama." Alisema kwa wema. Lakini mimi nilikuwa nazijua harusi. Harusi ya mama yangu nilivalishwa gauni la njano, nikapewa soda, nikaonyeshwa gari lenye maua. Niliambiwa mama atarudi Jumapili. Jumapili zilipita, na gauni la njano likawa fupi. Kwa akili yangu ya miaka tisa, harusi ilikuwa ni gari linalokuja kumchukua mtu.

Kisha ukaja ule ugomvi, ambao niliuandika kwenye skripti neno kwa neno nikidhani nautunga. Mfongo ulibomoka siku ile ile baba mdogo aliyotakiwa kwenda kwa wazazi wa yule mama. Alikesha kwenye matope. Hakupeleka habari. Jumapili iliyofuata hatukumwona, na iliyofuata pia. Tukasikia yupo kwa kaka yake ng'ambo ya bonde, amefunga kazi Pasua kwa muda, hasemi na mtu.

Sisi Wachagga tuna mmea uitwao isale. Ndio tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, unasamehe. Si suala la kupenda au kutopenda. Jani hilo halirudishwi. Kwa kawaida hupelekwa na mtu mzima, tena wa heshima. Baba mdogo hakutaka wazee waingie, nadhani alikuwa na haya. Asubuhi moja alikata jani kwenye mpaka wetu, akalifunga fundo taratibu, akaniita.

"Mpelekee yule mama. Usiseme kitu. Mpe mkononi tu, yeye ataelewa."

Nikashuka bondeni nikiwa nimelishika kwa mikono miwili. Nilipofika kwenye gogo la kuvukia mfongo, nikasimama. Ng'ambo niliona paa la nyumba ya kaka yake na moshi wa jikoni. Sikufikiri sana. Nilifungua mikono, jani likaanguka majini, likazunguka mara moja kwenye jiwe, likaenda.

Nilikaa kidogo kwenye nyasi ili muda upite. Niliporudi, baba mdogo alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha.

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu," nikajibu.

Alitikisa kichwa. Akachukua jembe lake akaenda kazini, na sikusikia mluzi. Baada ya miezi kadhaa tukasikia yule mama ameolewa na mtu wa Shirimatunda. Bibi alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo, baba mdogo akamwomba asiseme la pili.

Nawezaje kusema nilikuwa nimesahau? Sikusahau, lakini sikuwa nakumbuka. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo, nikaolewa, nikafundisha, nikaandika kitabu kizima kuhusu mtu yule, na katika kitabu hicho kuna gogo, kuna bonde, kuna isale mipakani. Mshonaji tu ndiye hayumo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Kilema. Baba mdogo sasa ni mzee, mfereji ameshaukabidhi kwa wengine, ingawa bado huenda kuwaelekeza hata wasipomwomba. Nilimkuta anamkatia ng'ombe majani. Nilimpa shikamoo, nikamsaidia kubeba, tukakaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Nilimweleza habari za filamu, akafurahi. Nilimweleza kwamba wameongeza mwanamke, akaguna. Kisha nikamwambia habari ya jani. Nilisema yote bila kusimama, nikitazama mikono yangu.

Nilipomaliza nikainua uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama jinsi alivyokuwa ananitazama nilipoleta ripoti mbaya ya hesabu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, baba?"

"Nilikuwa natunza mfongo. Kila kitu mnachotupa majini kinafika kwangu. Siku ya tatu nilikuwa nasafisha nduwa," yaani bwawa dogo ambamo maji yetu hukusanyika, "nikaliona limenasa kwenye majani ya migomba. Nalijua fundo langu."

Nikauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kulala bila kulia."

"Basi ungekwenda mwenyewe."

"Ndiyo," akasema. "Hapo umesema. Ningekwenda mwenyewe." Akaokota jani moja la ng'ombe akaanza kulichana vipande virefu. "Nilipanga kwenda siku ile ile. Nikasema nimalize nduwa kwanza. Halafu nikasema, mtoto hataki, nisubiri atulie. Halafu mvua. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Niliogopa baba yake, niliogopa kaka yake, niliogopa kuingia kwenye ile nyumba walimonisubiri siku nzima. Wewe ukanipa sababu."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na thelathini na nne. Mtu wa miaka thelathini na nne ana miguu yake."

Alisema hivyo, kisha akaniuliza kama nimekula. Tulikula mtori wa ndizi uliobaki tangu asubuhi, tukaongea habari za bei ya maziwa na jirani aliyeziba njia. Nilishuka mjini nikiwa mwepesi upande mmoja na mzito upande mwingine. Kwa miaka yote ile alikuwa amejua, na hakuwahi, hata aliponikasirikia kwa mambo mengine, kunitupia jambo lile usoni.

Alikuwa amebaki mtu mmoja. Sikuwa na hakika kama nina haki ya kumtafuta. Nilijiambia kwamba nakwenda kuomba ruhusa, kwa sababu mwavuli wake na pini zake na kicheko chake vilikuwa vinakaribia kuonyeshwa mbele ya watu. Ilikuwa kweli, ingawa si kweli yote.

Shirimatunda si mbali na ninapoishi. Nilimwulizia mama mshonaji, nikaelekezwa kwenye nyumba yenye migomba michache na cherehani ya kukanyaga barazani, imefunikwa kitambaa. Yeye alikuwa kwenye kigoda, anapukuchua maharage. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniangalia, akaendelea kuniangalia.

"Wewe ni yule mtoto wa upindo," akasema.

Nikakaa chini kwenye mkeka kama nilivyokuwa nikikaa. Alinipa rundo la maganda bila kuniuliza, tukapukuchua pamoja. Nilimweleza habari ya filamu kwanza, kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi. Alipenda kusikia kwamba mwanamke wa filamu ni mshonaji. Kisha nikamweleza habari ya asubuhi ile kwenye gogo. Mikono yake ikasimama.

"Isale," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alilikata."

"Alilikata na kulifunga fundo. Mimi ndiye niliyelitupa. Na yeye baadaye alilikuta, akajua, lakini hakuja. Ameniambia aliogopa." Nilikuwa nimeamua njiani kwamba sitampunguzia kitu, wala sitambebesha baba mdogo zaidi ya alichojibebesha mwenyewe.

Alitazama migomba yake kwa muda. Mtu alipita barabarani akamsalimu, akaitikia vizuri tu.

"Mimi nilidhani hakujali," alisema. "Wiki mbili nilikaa kwa kaka yangu, kazi za watu zinanisubiri Pasua. Mbwa akibweka, natazama njiani. Mara nyingine nilisogea hadi mahali ambapo unaona gogo. Lilikuwa bonde moja tu, mwanangu. Ningeshuka, ningepanda, ningefika kabla chai haijapoa. Lakini tulifundishwa kwamba mwanamke haendi. Nikasubiri kufuatwa, mpaka siku nilipochoka nikarudi kazini."

"Nisamehe, mama."

"Nina watoto wanne," alisema, kana kwamba hakunisikia. "Baba yao alikuwa mtu mzuri, tulimzika hapo nyuma. Nikikuambia naumia, nitakuwa nawakana hao. Nikikuambia siumii, nitakuwa nakudanganya. Wewe pukuchua maharage."

Nikapukuchua. Baadaye kidogo akaniuliza, "Huyo wa kwenye filamu yako, wanagombana?"

"Wanagombana."

"Halafu?"

"Hapo ndipo nimekwama."

"Usimkalishe akisubiri," alisema. "Mengine fanya unavyotaka. Mpe hata hereni. Ila usimkalishe."

Nilirudi nyumbani nikaandika hiyo sehemu kwa saa tatu. Hakuna mtoto anayepeleka ujumbe. Mshonaji anapanda mwenyewe, siku ya kazi, si Jumapili, anamkuta mtunza mfereji amezama matopeni akiziba ukingo. Anaanza kumsema. Anamsema mpaka mwavuli unamponyoka. Mwanamume anampa jiwe. Yeye analipokea, analipanga mahali pake, anaendelea kumsema. Wimbo wenyewe ni ule ugomvi, na kila ubeti unaisha kwa jiwe moja kwenda ukingoni, na watoto watatu wanahesabu mawe. Mwongozaji aliusoma akanipigia simu. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna busu?" Nikamwambia hakuna. Akasema sawa, mawe yatatosha.

Walipiga picha za filamu kwa wiki kadhaa, nyingine Kilema kwenyewe. Muigizaji aliyechukua nafasi ya mshonaji alitoka Dar, sauti yake nzuri sana, na siku ya kwanza aliteleza matopeni mara nne kwa sababu ya viatu. Nilikwenda kutazama mara moja tu. Ilikuwa vigumu kumwona akiwa hai mbele yangu, anakunywa maji ya chupa, anauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Filamu ilipokamilika waliileta kijijini kwanza, jambo ambalo niliwashukuru sana. Ilionyeshwa mchana katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mashuka. Baba mdogo alikaa mstari wa mbele akiwa amevaa koti lake la kanisani. Watoto walijaa mpaka sakafuni. Walicheka pale nilipotaka wacheke, na mahali pengine ambapo sikutegemea. Kwenye wimbo wa mawe walihesabu pamoja na wale wa kwenye filamu, ukumbi wote, na nikasikia sauti ya baba mdogo ikicheka juu ya sauti zao.

Tulipotoka nje nilisubiri aseme kitu. Alisema kwamba kuna mahali maji yanapanda mlima. Waliunganisha picha vibaya, akasema, hakuna mfereji wa namna hiyo duniani, na mtu aliyesimamia angepaswa kumwuliza. Nikamwambia nitawaeleza. Alikuwa bado analifafanua jambo hilo pale msichana mmoja mdogo, mjukuu wa majirani, alipomshika mkono.

"Babu, yule ni mke wako?"

"Hapana. Yule ametungwa."

"Sasa wa kwako yuko wapi?"

"Mimi sikuoa."

"Kwa nini?"

Nilitaka kuingilia kati, nimpe mtoto peremende, nibadilishe maneno. Baba mdogo aliinama kidogo ili amsikie vizuri.

"Sikwenda kumwomba," alimjibu.

Msichana alifikiria hilo, akaona linaeleweka, akakimbilia wenzake. Sisi tukatembea kwenda nyumbani taratibu kwa sababu ya magoti yake, yeye akiendelea kunieleza jinsi maji yanavyopaswa kushuka.

Mchapishaji ameniuliza, sasa kitabu kinapochapwa upya, kama nitamwingiza mshonaji ndani, kwa kuwa watoto walioona filamu watamtafuta. Nimefikiri sana. Nimekataa. Kitabuni yule mtu anaishi peke yake, na ndivyo alivyoishi. Mtoto akiniuliza darasani mama wa mwavuli yuko ukurasa gani, huwa namwambia ukweli, kwamba yeye yuko kwenye filamu tu.

Shirimatunda nilikwenda tena, nikiwa na filamu kwenye simu, kwa sababu alisema ukumbini hawezi kukaa, mgongo unamsumbua. Aliitazama kwenye kile kioo kidogo, miwani puani, simu ameiegemeza kwenye cherehani. Tukafika kwenye wimbo wa mwavuli. Alinisimamisha mara moja.

"Gauni hili nani kashona? Upindo umevutwa. Tazama, unapanda huku."

Nikamwambia sijui. Akasikitika kwa ulimi, akaniambia niendelee. Wimbo wa mawe ulipoanza alisogeza uso karibu. Muigizaji akafoka, mwavuli ukaponyoka, jiwe la kwanza likatolewa, likapokelewa. Mama yule aliweka kiganja kifuani, akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile, mimi sikukitendea haki kwenye skripti.

Nimewauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kama wangependa niwakutanishe. Baba mdogo alisema magoti. Mshonaji alisema mvua ziishe kwanza. Mvua zile zimeisha, zimekuja nyingine, nazo zimeisha, na sijawauliza tena.

Siku ile aliponirudishia simu aliniuliza jambo moja tu.

"Huko juu ulipowaonyesha. Hapa kwenye mawe, alicheka?"

"Alicheka, mama. Kwa sauti."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akainuka kwenda kutazama maharage yake jikoni.